Bunduki Isiyopitisha Unywele

Katika nyumba ya baba mkwe wangu hapakuwa na mlango uliolia. Ulikuwa unausukuma kwa kidole kimoja, unakwenda wenyewe taratibu mpaka unajifunga, na ukishajifunga huoni hata uzi wa mwanga. Baridi ya Ufini ni mdaku, inaingia hata kwenye tundu la ufunguo, lakini kwa Jalmari Hietala haikuingia. Siku Tauno aliponipeleka pale kunitambulisha, mzee alinitazama kichwani badala ya usoni. Nikadhani kofia yangu imekaa upande. Kumbe alikuwa anaangalia nywele.

"Binti, una nywele nyembamba sana," akasema. "Hebu nipe mmoja."

Nikamgeukia Tauno. Alikuwa ameinamia kikombe chake cha kahawa, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Mpe tu," akasema. "Zake kazimaliza kazini."

Nikachomoa mmoja, mzee akaupokea kwa vidole viwili, akaunyoosha mbele ya dirisha, akatikisa kichwa kuridhika. Ndivyo nilivyokubaliwa katika nyumba ile. Wanawake wengine huingia ukweni na mashuka na mablanketi, mimi niliingia na nywele.

Mzee alikuwa fundi wa kiwanda cha bunduki cha mjini kwetu, kule ng'ambo ya ziwa. Kazi yake ilikuwa bunduki ya rashasha nyepesi, ile ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba begani na kukimbia nayo, na mwenzake anamfuata na mfuko wa magazini, vile visanduku vya risasi. Maofisa walioichora walitaka ipige mfululizo lakini ipige kwa shabaha kama bunduki ya mwindaji, na kweli ilipiga hivyo. Ilikuwa na vipande vingi kama saa ya mfukoni. Mtutu wenyewe ulirudi nyuma kwa kila risasi, na ndani ya tumbo lake kulikuwa na chuma kilichokwenda mbele na kurudi, kikisukuma risasi mpya na kutupa ganda la zamani. Kiwandani walikiita chuma hicho ulimi. Kila ulimi ulitiwa tupa kwa mkono ili ukae katika bunduki yake tu, na ukiuhamishia bunduki nyingine haukubali. Mafundi wengine walipima kwa vipimo vya chuma. Jalmari naye alipima navyo, halafu akamalizia kwa unywele. Ukipita kati ya ulimi na ukuta wake, bunduki hiyo aliiona mbovu, na alianza upya.

Wakubwa walimpenda. Aliyemcheka alikuwa Kustaa peke yake, fundi mwenzake aliyefanya kazi meza ya jirani, mtu mwenye tumbo na maneno mengi. Nami nilikuwa nimeajiriwa pale pale, chumba cha kukagua magazini, kwa hiyo niliwasikia wakati wa chakula.

"Jalmari, wewe unatengeneza saa," Kustaa alikuwa akimwambia. "Vita havina haja ya kujua saa ngapi."

"Na wewe unatengeneza mikokoteni."

"Mkokoteni unafika, bwana!"

Watu walicheka. Jalmari hakucheka, hakuwa mtu wa kucheka. Katika miaka yote niliyokaa naye kabla ya vita sikuwahi kuyaona meno yake, nami nilimpikia viazi kila siku ya Mungu.

Sasa nimseme mume wangu. Tauno alikuwa mkubwa wa mabega, mwenye utani, na mikono yake ilifaa shoka na magogo. Alipokuwa kijana baba yake alimwingiza kiwandani kujifunza. Siku moja Jalmari aliokota kipande ambacho mwanawe alikuwa amekitia tupa tangu asubuhi, akakitazama, akakitupa kwenye pipa la vyuma chakavu mbele ya mafundi wote, bila kusema neno. Tauno akavua aproni, akaenda zake msituni kukata magogo na kuyashusha mtoni, na hakurudi tena kiwandani. Hawakugombana. Waliongea habari za hali ya hewa na viazi. Lakini kuna jambo Tauno alinieleza mara moja tu, tukiwa wawili, na hakulirudia: watoto wote wa mtaa ule waliteleza kwenye theluji kwa sleji, vile vigari visivyo na magurudumu, zilizotengenezwa na Jalmari, isipokuwa yeye. Yeye aliambiwa ajitengenezee, ili ajifunze. "Hajawahi kunitengenezea kitu, Sylvi," aliniambia. "Hata kijiko."

Hilo lilinikaa. Kila nilipofunga mlango wa ile nyumba ukajifunga bila sauti, nililikumbuka, nikatamani kumpiga yule mzee na sufuria.

Basi vita na Warusi vikaja, na jeshi kwa akili zake likamkabidhi Tauno bunduki ya baba yake. Walimchagua kwa mabega. Mpiga rashasha wa kikosi anapaswa kuwa mtu wa kubeba mzigo bila kulalamika, na Tauno alikuwa amebeba magogo. Kabla hawajapelekwa Karelia, mpakani na Warusi, alipita nyumbani kuaga, na mzee akamuuliza swali moja tu, namba iliyopigwa ubavuni mwa bunduki. Tauno akamtajia.

"Hiyo niliitengeneza mimi," mzee akasema. Akajaza kiko chake. "Isafishe vizuri."

Hiyo ndiyo ilikuwa baraka ya safari.

Desemba ile ilikuwa ya baridi ambayo hata wazee wetu waliilaani. Ukitema mate yanalia yakigusa theluji. Siku moja, karibu na Krismasi, nilikuwa namenya viazi nikasikia skii, mbao za kutelezea, zikipigwa ukutani kuondolewa theluji, na mlango ukafunguka, Tauno huyo hapo. Alikuwa ametumwa kusindikiza bunduki mbovu za kikosi chao kwa treni mpaka kiwandani, na atarudi nazo zikishatengenezwa. Ndevu zake zilikuwa barafu tupu. Nilimkumbatia na kisu bado kiko mkononi.

"Taratibu, mke wangu," akasema. "Nimewakimbia Warusi, halafu wewe ndiyo unimalize?"

Tukawasha sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, akaoga, akalala pale pale juu ya benchi mpaka nikamwamsha kwa maji. Kisha tukakaa mezani sisi watatu, samaki wa chumvi, viazi, mkate mweusi, na kahawa ya mgao niliyokuwa nimeificha kwa ajili yake. Mzee alisubiri Tauno ale kwanza. Halafu akauliza.

"Ina nini?"

Tauno akaweka uma chini. Niliona anavyotafuta maneno, yeye ambaye maneno yalikuwa hayamwishii.

"Baba, siku ambayo si ya baridi sana, hakuna bunduki kama ile. Napiga ninapopataka. Lakini baridi ikikaza inakufa. Risasi chache, kimya. Navuta kishikio, ulimi haukubali. Mvuke kidogo tu ukiingia ndani, ukaganda, basi, hauna pa kwenda. Hakuna nafasi."

"Unaitia mafuta?"

"Mafuta yanaganda! Tumeyatoa yote. Tunaiosha kwa mafuta ya taa mpaka inakauka kama mfupa. Hatuiingizi hemani, maana ikipata joto la jiko inatoa jasho, na jasho likitoka nje ni barafu. Inalala nje kwenye theluji kama mbwa. Naifunika koti langu mwenyewe, baba, mimi natetemeka. Na bado inakwama."

"Inakwama kwa sababu ya uchafu."

"Mzee wangu, nisikilize." Tauno alisogeza kiti mbele. "Tumeteka za Warusi. Ovyo kabisa! Ukiitikisa inalia kama debe lenye misumari. Kustaa angeipenda. Ulimi wake unacheza huku na huku, hata kidole naona kingepita. Lakini inapiga. Asubuhi, jioni, baridi yoyote, inapiga. Ilegeze, baba. Itie tupa. Toa kidogo huku na huku, nafasi ya barafu tu. Mimi sijui ufundi, wewe mwenyewe uliona. Lakini najua kulala nyuma yake."

Mzee alikuwa amekuwa mwekundu mpaka kwenye upara. Si kwa hasira ya kelele, angepiga kelele ningemwelewa. Alichukua kipande cha mkate, akakikata sawasawa katikati, akakiacha.

"Unataka niiharibu."

"Nataka ipige."

"Miaka kumi na mitano nimeitengeneza bunduki hiyo. Mvivu wa kusafisha ndiye anayetaka nafasi."

"Baba!" Hapo nikaingilia, nikashindwa kujizuia. "Mtu katoka kwenye risasi, unamwita mvivu mezani kwangu?"

"Wacha, Sylvi," Tauno akasema. Akacheka, kicheko kidogo cha kumaliza shari. "Naona hali ya hewa itaendelea kuwa ya baridi. Na viazi ni vizuri mwaka huu."

Mzee akainuka, akaenda chumbani kwake, na mlango ukajifunga bila sauti.

Siku zilizofuata alikaa kiwandani kuliko kawaida. Mimi nilimpelekea chakula, nikamwona ameinama kwenye jiliwa lake la kubania vyuma, na taa yake, tupa mkononi. Kustaa alinivuta pembeni.

"Mkweo kalegea," akaninong'oneza. "Amri imetoka kwa msimamizi kwamba bunduki zinazorudi kutoka vitani zilegezwe kidogo. Nikadhani Jalmari atajinyonga. Lakini zile nyingine za kikosi cha Tauno kazitia tupa bila kusema. Kanuna, lakini katia."

Nilifurahi, nikatembea mpaka chumba cha magazini nikiimba kwa pua. Nilidhani mzee amesikia. Sikujiuliza kwa nini Kustaa alisema zile nyingine.

Asubuhi ya Tauno kuondoka tulikwenda wote stesheni. Bunduki zilikuwa zimeshapakiwa, ila moja mzee aliibeba mwenyewe, ameivingirisha katika blanketi la kitandani kwake. Akaifunua juu ya benchi la abiria. Nisiseme uongo, ilikuwa nzuri. Chuma kiling'aa kwa rangi ya bluu. Mzee alivuta kishikio, ulimi ukarudi nyuma, ukaenda mbele, na sauti yake ilikuwa ile ya milango ya nyumbani, yaani hakuna sauti.

"Ulimi mpya," akasema. "Nimeuanza kwenye chuma kibichi. Nimeung'arisha mpaka barafu haina pa kushika, maana barafu hushika penye mikwaruzo, si penye wembamba. Sijawahi kutengeneza kama huu. Hata ule niliowahi kuupeleka kwenye maonyesho haukuwa hivi." Akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama. "Sylvi."

Nikachomoa unywele, nikampa. Akajaribu kuupitisha mbele ya macho ya mwanawe. Haukupita.

"Umeona?" akasema. "Hata wa mke wako!"

Akacheka. Jalmari Hietala alicheka, nikaona meno yake, madogo na yaliyopangana kama ya mtoto. "Hii ni yako," akamwambia Tauno. "Zile ni za jeshi. Hii nimekutengenezea wewe."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameishika ile bunduki kwenye mikono miwili, na uso wake ulifanya jambo ambalo sikulielewa siku ile. Aliitazama, akamtazama baba yake, akafungua mdomo, akaufunga. Halafu akasema:

"Asante, baba. Ni nzuri sana."

"Isafishe vizuri," mzee akasema, na akamfunga kifungo cha juu cha koti, kama mtu anavyomfunga mtoto. Treni ikaondoka.

Kwetu habari ya kifo huletwa na mchungaji. Kwa hiyo Februari, nilipomwona mchungaji akishuka kwenye sleji mbele ya nyumba ya jirani, nilimshukuru Mungu kwamba si kwangu, na Mungu anisamehe. Kumbe alikuwa amekosea geti. Akatoka, akavuka barabara.

Jeshi letu haliwaachi wafu wake. Hurudishwa nyumbani, kila mmoja kanisani kwake, hata kama wa kumburuta kwenye theluji naye atapigwa risasi. Tauno alirudi katika sanduku la mbao nyeupe, na ardhi ilikuwa imeganda, ikabidi wanaume wawashe magogo juu yake ili wapate kuchimba. Nilikaa nikitazama ule moto. Nilifikiri kwamba magogo yale huenda ni yeye aliyeyakata.

Aliyekuja na sanduku ni Eemeli Kokko, mwenzake, aliyekuwa akimfuata na mfuko wa magazini. Alikuwa mwembamba, mkono mmoja umefungwa bandeji, na alinyweshwa kahawa ya msiba mpaka hakuwa na pa kuiweka. Watu walipopungua, mzee akamsogelea.

"Ilipiga?" akamuuliza.

Eemeli hakujifanya kwamba hakuelewa. Alizungusha kikombe kwenye kisahani.

"Ilipiga, mzee."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Hatujawahi kuona bunduki kama ile."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Tangu mchungaji alipokuja alikuwa hajatia kitu mdomoni. Sasa alichukua mkate akaula, na machozi yalimshuka akiwa anatafuna, wala hakuyafuta. Mimi nilimtazama Eemeli. Mtu anayesema kweli hazungushi kikombe.

Nikamfuata nje alipokwenda kuvuta sigara penye rundo la kuni.

"Umemdanganya mzee," nikamwambia. "Usinidanganye na mimi."

"Shemeji, ya nini?"

"Nimelala na mtu huyo miaka sita. Niambie alivyokufa."

Akavuta moshi mpaka sigara ikamchoma. Halafu akanieleza. Walikuwa ukingoni mwa ziwa, na Warusi walikuja juu ya barafu asubuhi kweupe, wengi. Baridi ilikuwa ya kupasua miti. Bunduki ilipiga kidogo, ikanyamaza. Tauno alivuta kishikio, hakikuja. Akavua glavu, akapiga kwa kiganja, akapiga tena na tena. Wenzake wa pembeni, wenye zile nyingine zilizolegezwa, walikuwa wanapiga. Yeye alikuwa amepiga magoti anagonga chuma, na kupiga magoti pale, wenzake wote wamelala chini, kulimweka wazi kwa risasi, ikampata. Magazini zote kwenye mfuko wa Eemeli zilikuwa bado zimejaa.

"Nilimwambia siku ile ile aliyorudi nayo," Eemeli akasema. "Tuliijaribu, ikakwama mbele ya wote. Sajini akasema itupe, chukua ya Kirusi, ipo hii hapa. Nikamletea mwenyewe mpaka mkononi. Akakataa. Nikamwambia, wewe Hietala, una wazimu? Akasema, 'Tuipe siku mbili tatu, itazoea. Hii baba kanitengenezea.' Tukamcheka. Tukawa tunaiita bibi harusi. Alikuwa anailaza kifuani chini ya koti, shemeji, chuma kile cha baridi, ili isigan—" Nikampa leso yangu.

Nilirudi ndani nikamkuta mzee anakusanya vikombe, kazi ambayo hakuwahi kuifanya. Nilikuwa na la kumwambia, lilijaa mdomoni. Nikamtazama anavyovipanga vikombe mishikio yote upande mmoja. Nikanyamaza, si kwa wema. Nilikuwa nimechoka tu, na yeye ndiye aliyekuwa amebaki nyumbani.

Nikakaa nalo wiki nyingi. Mzee alikula, alilala, alikwenda kazini. Jioni alipenda kunirudishia maneno ya Eemeli. "Mpaka mwisho," alisema. "Hawajawahi kuona kama ile." Mimi nilikuwa naosha sahani kwa nguvu mpaka nyingine zikapasuka. Vita vilikwisha mwezi wa tatu, Karelia ikachukuliwa na Warusi, na kengele zililia bila mtu kufurahi.

Mzee akarudi nyumbani mchana mmoja, wakati wa kazi. Hilo peke yake lilinitisha. Mimi nilikuwa na zamu ya jioni, nilikuwepo. Alisimama jikoni bila kuvua kofia, akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwenye leso, akakiweka mezani, akafungua.

Ulikuwa ule ulimi, na kishikio chake. Bunduki za vita zilikuwa zinarudishwa kiwandani kwa mikokoteni mizima, na hii ilikuwa imefika kwenye meza yake mwenyewe. Hakuwahi kuiba hata msumari kiwandani, na leo alikuwa ameiba.

"Tazama," akasema.

Kwenye kishikio palikuwa na kitu cha kahawia, kimekauka, kimeshika chuma. Nilidhani ni kutu. Halafu nikaona mistari midogo, ile mistari ambayo kila mtu anayo mkononi. Ukishika chuma kwa mkono mtupu katika baridi ile, ngozi inabaki.

"Alikuwa anaivuta," mzee akasema. "Aliivuta mpaka ikamchuna. Haikuwa inapiga, Sylvi. Ulimi umeganda njiani, alama ninaziona, hapa na hapa. Yule kijana alinidanganya."

"Alikuonea huruma."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Akafunga leso, akauweka ule ulimi mfukoni, akatoka, nami nikachukua koti nikamfuata. Alikwenda moja kwa moja makaburini, penye safu mpya ya misalaba myeupe. Theluji ilikuwa imeanza kulainika juu. Alipiga magoti kwa Tauno, akachimba kwa mikono, na ilipofika kwenye udongo mgumu akatoa kisu.

"Nilifikiri ukiwa laini kabisa, barafu haitapata pa kukaa," akasema, anachimba. "Niliamini. Zile nyingine niliziharibu walivyotaka. Nikasema yake siiharibu. Yeye nitampa iliyo nzuri."

"Alikuambia, baba. Mezani. Alikuomba kitu kimoja tu maishani mwake."

"Nilidhani ni uvivu."

"Alikuambia!" Nilipiga kelele, na kunguru wakaruka. Sikuweza tena. Nililokuwa nalo lilitoka lote, nami nilitaka limuumize. "Alijua itakwama! Pale stesheni alijua, nilimwona usoni, sikuelewa tu. Wenzake walimletea ya Kirusi mpaka mkononi, akaikataa. Alisema hii baba kanitengenezea. Ndivyo alivyosema. Aliilaza kifuani, baba, aipashe moto. Maisha yake yote hukumpa hata kijiko, ukaja kumpa hii!"

Mzee akaacha kuchimba. Alikaa chini kwenye theluji, miguu imenyooka mbele, kofia imeanguka, na upara wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyouzoea. Nilitaka kujisikia nafuu. Sikujisikia nafuu hata kidogo.

"Kwa nini hakuniambia?" akauliza. "Pale stesheni. Angesema tu. Ningeichukua."

"Angesemaje?" nikamjibu. "Ulikuwa unacheka."

Akanitazama kama mtu asiyenijua. Halafu akafunika uso kwa mikono ile yenye udongo, na akalia kwa sauti, mtu ambaye nyumba yake haikuwa na kitu kinacholia. Nilikaa kando yake. Mwishowe nikachukua kile kisu nikamalizia shimo, maana yeye mikono ilikuwa haishiki, nikaweka leso na kilichokuwamo, nikafukia, nikasawazisha theluji juu.

Tulirudi nimemshika mkono kwa sababu ya utelezi. Alipofika nyumbani aliingia, akapita jikoni, akakaa kwenye kiti cha Tauno na viatu vyake vyenye theluji. Mlango wa nje aliuacha wazi. Baridi ikaingia ndani ya nyumba ya Jalmari Hietala, ikafika mpaka mezani, naye hakugeuka kuutazama. Nilirudi nikaufunga mwenyewe.